Stempu Iliyooshwa

Sajini Projest aliingia ofisi ya mapato Ijumaa saa mbili na nusu asubuhi, akiwa na hakika kwamba saa tatu haitamkuta humo. Alifuata karatasi moja tu. Hakimu alitaka cheti cha kuthibitisha kwamba mkataba wa mlalamikaji, Polikarpi, ulikuwa umelipiwa ushuru wa stempu. Cheti kikipatikana, Jumatatu Theoneste Hategekimana, mwashi wa Ihanda, angesomewa shitaka la kughushi, na jalada lingeondoka mezani kwa Projest.

Theoneste alikuwa mahabusu siku ya tisa sasa. Projest mwenyewe ndiye aliyemtia pingu.

Bi Placida, afisa wa mapato, hakumkaribisha kiti. Alikuwa mwanamke mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi mweusi upande mmoja.

"Umekuja kuuliza au kuamuru?" alisema. "Maana polisi wa hapa hawajui tofauti."

"Nimekuja kuchukua cheti, mama."

"Mimi si mama yako. Leta hati."

Projest aliweka mezani mkataba ulioandikwa kwa taipureta. Ulisema kwamba tarehe tatu Mei mwaka 1986, mzee Gosbert wa Ihanda alimwuzia mwanawe Polikarpi nyumba ya matofali pamoja na kibanja chake cha migomba na kahawa. Chini palikuwa na sahihi ya Polikarpi na alama ya dole gumba la mzee. Kando yake zilibandikwa stempu mbili, zimepigwa mstari wa kalamu na kuandikwa tarehe ileile.

"Na huyo uliyemfunga anasemaje?" Bi Placida aliuliza.

"Anasema mzee alimwuzia yeye, mwaka themanini na nane. Ana karatasi ya kuandikwa kwa mkono. Mzee amefariki Februari hii, kwa hiyo hawezi kuulizwa. Lakini karatasi ya Theoneste haina stempu hata moja. Ya Polikarpi inazo, tena imetangulia kwa miaka miwili. Kama mzee alikwisha kuuza themanini na sita, themanini na nane aliuza nini?"

"Kwa hiyo ukaona aliye na stempu ndiye mkweli."

"Karatasi isiyo na stempu ni ya kufungia karanga."

"Nani kakuambia?"

"Polikarpi."

"Polikarpi ni hakimu?" Bi Placida alivua miwani. "Sikiliza, sajini, maana naona umevaa mistari mitatu begani bila kujua jambo hili. Nyumba ikiuzwa, kinachotozwa ushuru ni ile karatasi ya mauzo. Anayelipa ni mnunuzi, kwa kufuata bei iliyoandikwa. Bei ikipanda, ushuru unapanda, ndiyo maana nusu ya wilaya hii wanaandika bei za uongo. Mtu asipolipa, sheria haisemi kwamba hakununua. Inasema hakimu asiipokee karatasi yake mpaka aje hapa alipe ushuru na faini ya kuchelewa. Akilipa leo, kesho inapokelewa. Karatasi ya huyo mwashi haijafa. Imelala na njaa tu."

"Hata baada ya miaka mitatu?"

"Hata baada ya mitatu. Faini ndiyo inanenepa." Aliuvuta mkataba wa Polikarpi karibu. "Wewe umemweka mtu ndani siku tisa kwa kosa ambalo dawa yake iko kwenye droo yangu."

"Yuko ndani kwa kughushi," Projest alisema, sauti ikipanda. "Si kwa stempu."

"Na ushahidi wa kughushi ni nini?"

Ushahidi ulikuwa zile stempu mbili.

Bi Placida alitoa kitabu cha mauzo ya stempu cha mwaka 1986 akapitisha kidole kwenye mwezi wa tano, kisha wa sita. "Hapa hakununua."

"Huenda alinunua Bukoba."

"Huenda." Aliichukua hati akaenda nayo dirishani. Aliiinua, akailaza usawa wa jicho hata jua la asubuhi likaipiga kwa ubavu, akakaa hivyo muda. "Njoo huku. Usiiangalie usoni. Iangalie kwa upande, kama unavyomwangalia mtu anayekudanganya."

Projest aliinama. Kwanza aliona karatasi tu, na alama ya dole gumba yenye mstari mweupe ulioikata mshazari katikati. Kisha, juu ya stempu, chini ya wino mweusi wa tarehe ya mwaka themanini na sita, aliona mifereji. Hapakuwa na wino mwingine. Palikuwa na makovu ya kalamu ya bolpeni iliyokandamizwa kwa nguvu, wino wake umeondoka lakini njia yake imebaki.

"Soma," Bi Placida alisema.

"L... K." Projest aligeuza shingo. "Kumi na nne, saba, themanini na tisa."

"Stempu hupigwa tarehe na herufi za jina ili isitumike tena. Kuna watu wanazibandua, wanaziosha kwa maji ya limau, wanazianika, wanazibandika upya. Wino wa bolpeni unatoka ukiuvumilia. Alama ya kukandamiza haitoki." Alimrudishia hati. "Huu mkataba wa themanini na sita umevaa stempu iliyotumika themanini na tisa. Labda marehemu alikuwa nabii."

Projest alikaa kwenye kiti ambacho hakukaribishwa.

Bi Placida alikuwa amekwisha kufungua kitabu kingine. Chini ya tarehe kumi na nne Julai mwaka 1989 palikuwa na majina matatu. La pili lilisema: *Apolinary, mwandishi wa mikataba, kwa niaba ya Laurensia Kokugonza, muuguzi, Nyakahanga. Ununuzi wa nyumba.*

"Cheti chako sitoi," alisema. "Funga mlango ukitoka."

Kituoni, Inspekta Gaspari, mkuu wa upelelezi wa wilaya, hakuinua macho kutoka kwenye gazeti.

"Nahitaji gari la kwenda Nyakahanga, afande."

"La nini?"

"Kesi ya Theoneste. Stempu za mlalamikaji zina walakini."

"Stempu." Inspekta aligeuza ukurasa. "Una mtuhumiwa, una mlalamikaji, una hati. Sasa unataka mafuta ya serikali ukachunguze gundi? Polikarpi ana watu, Projest. Na huyo mwingine ni mkimbizi tu."

"Yuko hapa tangu mwaka sitini na moja, afande. Alikuja akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni."

"Mbona siku tisa zilizopita hukunieleza hayo? Gari hakuna."

Projest alichukua baiskeli ya kituo.

Kabla hajafika Nyakahanga alikwisha kupata jawabu lililomridhisha. Stempu zilikuwa za Laurensia, basi Laurensia ndiye aliyeziuza. Mtu akikwisha kununua nyumba na hati ikalala kabatini, nani atamkagua? Alipanga maswali yake kwa kufuata njia hiyo.

Alimkuta muuguzi ametoka zamu, anamenya ndizi nyuma ya nyumba. Alikuwa mwanamke wa miaka kama arobaini, mabega mapana. Alimtazama Projest toka viatu hadi kofia, wala hakuacha kisu.

"Habari za hapa, sista. Natoka upelelezi, Kayanga."

"Umechelewa mwaka mmoja."

Projest aliliacha hilo lipite. "Mwaka themanini na tisa ulinunua nyumba hii. Stempu za mkataba wako ziko wapi?"

"Kwenye mkataba wangu."

"Na mkataba uko wapi?"

"Unaniuliza mimi?"

"Nakuuliza wewe. Nimeziona stempu hizo leo asubuhi kwenye hati ya mtu mwingine. Zina herufi zako. Ulimwuzia nani?"

Laurensia aliweka kisu chini. Alisimama akafuta utomvu wa ndizi mikononi kwa kitambaa, polepole, kidole kimoja kimoja.

"Mimi nilinunua nyumba hii kwa mshahara wa kukesha na wagonjwa miaka kumi na moja," alisema. "Apolinary akaniandikia mkataba. Akaniambia kuna ushuru wa serikali, nikampa. Nikamwambia nataka kuona stempu zikibandikwa kwa macho yangu. Zikabandikwa, nikaandika herufi zangu na tarehe juu yake. Kisha akasema hati lazima ikae kwake ipelekwe Bukoba kusajiliwa. Wiki mbili, alisema. Nikaenda baada ya wiki mbili. Nikaenda baada ya miezi miwili. Mwaka jana mwezi wa sita nikaja kwenu kituoni kushtaki. Unajua askari wa kaunta aliniambia nini?"

"Sijui."

"Aliniambia mwanamke asiye na mume nyumba ya nini. Wakacheka wote. Na wewe ulikuwepo, umeegemea mlango, unakunywa chai."

Projest alijaribu kukumbuka. Hakukumbuka, na hilo halikumsaidia kitu.

"Leo umekuja kwa kuwa stempu zangu zimemsumbua mtu mwingine," Laurensia alisema. "Zangu zilipopotea hazikuwa na maana."

"Una nakala?"

Aliingia ndani akatoka na karatasi ya kaboni iliyokunjwa ndani ya kitabu cha nyimbo. Ilikuwa nakala ya mkataba. Pembeni, mahali pa stempu, kaboni ilikuwa imenakili hata herufi zake: L.K. 14/7/89. Mkandamizo ulikuwa mzito kiasi kwamba nukta zilikuwa karibu kutoboa karatasi.

"Wodini tunaandika nakala tatu kwa mpigo mmoja," alisema alipoona anavyoitazama. "Usipokandamiza, ya tatu haisomeki."

Projest aliandika hilo kwenye daftari. Jawabu alilokuja nalo lilikuwa limekwisha kufa, akaanza kupanga jingine.

"Twende kwa Apolinary," alisema.

"Nilikuwa naenda," Laurensia alijibu, "hata usingesema."

Apolinary alikuwa na meza na taipureta kwenye kibaraza cha duka la vitambaa karibu na soko la Kayanga. Alikuwa mzee wa shati jeupe na tai, mwenye adabu nyingi. Alimwona Projest kwanza, akatabasamu. Alimwona Laurensia nyuma yake, tabasamu likabaki mdomoni tu.

"Shikamoo mzee," Projest alisema.

"Marahaba, sajini. Karibu. Na sista, karibu, habari za siku nyingi?"

Laurensia alisogea hadi ukingoni mwa meza.

Njiani Projest alikuwa ameamua kutolitaja jina la Polikarpi. "Mzee, huyu dada analalamika kwamba umempotezea mkataba wake. Anataka nikufungulie kesi ya wizi. Mimi nimemwambia mtu mzima kama wewe hawezi kuiba karatasi."

"Wizi!" Apolinary aliinuka. "Mkataba wake uko salama kabisa. Ni mambo ya usajili tu, Bukoba wanachelewesha. Upo hapo ndani, kwenye sanduku."

"Basi mwoneshe, tumalize."

Mzee aliingia dukani, wakasikia komeo la sanduku la bati. Alirudi na hati akaiweka mezani kwa heshima, kama mtu anayeleta chakula kwa wageni. Laurensia alinyoosha mkono. Projest alimwahi.

Karatasi ilikuwa imeanza kuwa ya manjano. Lakini pembeni, mahali palepale palipokuwa na herufi kwenye nakala ya kaboni, palikuwa na viraka viwili vya mstatili, vyeupe kama siku karatasi ilipotoka kiwandani.

"Stempu ziko wapi, mzee?"

Apolinary alitazama viraka kana kwamba ndiyo kwanza anaviona. "Zimebanduka. Gundi ya siku hizi..."

"Zikaenda wapi?"

"Sijui. Huenda ziliibwa." Aliinamisha kichwa, akafikiri, kisha akakiinua upesi. "Yule mwashi Mnyarwanda! Theoneste. Mwaka jana alinijengea ukuta wa chumba cha ndani. Hakuna mwingine aliyeingia humo. Ndiye mliye naye, sivyo? Nimesikia ni mghushi."

Projest alifungua mkoba wake. Akautoa mkataba wa Polikarpi, akaulaza kando ya ule wa Laurensia, stempu zikikaribiana na viraka vyeupe. Ukubwa ulikuwa mmoja. Hata pembe ya chini ya stempu ya kushoto, iliyochanika kidogo, ilikuwa na mwenzake: kipande kidogo cha pembe kilikuwa bado kimeng'ang'ania kwenye karatasi ya muuguzi.

"Nieleze vizuri, mzee, maana kichwa changu kizito," alisema. "Theoneste aliingia kwako, akaiba stempu, akaziosha, kisha akampelekea Polikarpi, ili Polikarpi azibandike kwenye hati ya kumfukuza Theoneste nyumbani kwake?"

Mshona nguo wa duka la pili alikuwa ameacha cherehani yake. Watu wawili walisimama barabarani.

"Herufi hizi za taipureta," Projest aliendelea, "herufi *e* imejaa wino tumboni. Kwenye hati ya sista imejaa. Kwenye hati ya Polikarpi imejaa. Niandikie jina lako hapo kwenye mashine yako, tuone."

Apolinary hakuandika. Alikaa, akalegeza tai.

"Alikuja mwezi wa tatu," alisema kwa sauti ya chini. "Baada ya matanga. Alisema nyumba ni ya baba yake, mgeni ameidandia, anachotaka ni karatasi tu ya kumsaidia kupata haki yake. Nikasema stempu za zamani hazipatikani. Akasema mimi sishindwi."

"Dole gumba ni la nani?"

"Hilo sikuliona likiwekwa. Aliichukua karatasi, akairudisha kesho yake na dole. Nikabandika."

"Ulijua mzee Gosbert alikuwa katekista miaka ishirini? Alisoma Biblia mbele za watu kila Jumapili. Mtu wa namna hiyo anaweka dole?"

"Mimi huandika ninachoambiwa."

"Wewe!" Laurensia alipiga meza hata taipureta ikaruka. "Serikali nililipa. Nyumba nililipa. Ukanifanya mpangaji kwenye nyumba yangu, nalala nikisikiliza nani atakuja na karatasi yake!" Alimgeukia Projest. "Nipe hati yangu."

"Siwezi. Sasa ni kielelezo."

"Mpaka lini?"

"Mpaka kesi iishe."

Alimtazama kwa chuki isiyofichwa. "Yeye alisema wiki mbili," alisema. "Wewe huna hata aibu ya kutaja siku."

Safari hii Inspekta Gaspari alitoa gari, kwa kuwa habari za sokoni zilikwisha kufika kituoni kabla ya Projest, na hakutaka kuonekana aliyezuia. Walifika Ihanda alasiri pamoja na konstebo wawili.

Mlango wa nyumba ya matofali ulikuwa na kufuli jipya. Vyombo vya Theoneste vilikuwa chini ya paa la jirani: kitanda kilichofunguliwa vipande, masufuria, mwiko wa kuashia. Mke wake, Nyirabageni, alikuwa ameketi juu ya gunia. Alipoona gari la polisi aliinuka na kusogea nyuma ya nguzo.

Polikarpi alikuwa kibanjani na vibarua watatu, wanachuma kahawa. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mrefu, kofia ya jeshi kichwani.

"Cheti kimetoka?" aliuliza kwa mbali.

"Hakijatoka. Kahawa unayochuma ni ya nani?"

"Ya baba yangu. Babu yangu alipanda miti hii. Ulitaka niseme ya nani?"

"Nataka unisaidie jambo moja. Hakimu ana shaka na sahihi yako. Andika jina lako hapa, nimpelekee mfano."

Polikarpi alicheka, akaipokea kalamu, akaweka daftari juu ya gogo, akalishikilia kwa mkono wa kushoto ili lisiteleze. Projest hakuitazama sahihi. Alitazama lile dole gumba la kushoto lililokandamiza ukurasa. Kovu la zamani la panga lilikuwa limelikata mshazari, kutoka pembe ya ukucha hadi chini.

"Hilo kovu ulilipata lini?"

"Utotoni. Kwa nini?"

Projest alifunua mkataba. Mstari mweupe ulikatiza dole la marehemu kwa mshazari uleule.

"Dole hili litapelekwa Dar es Salaam wataalamu wakalipime," alisema. "Mimi sihitaji kusubiri. Marehemu baba yako alikuwa na kovu kama hili?"

Vibarua waliacha kuchuma. Polikarpi alitazama hati, kisha dole lake, kisha akalificha ndani ya ngumi.

"Kwa hiyo mmeamua," alisema. "Mtu anatoka kwao na kikapu kichwani, anakula nyumba ya Gosbert, na polisi wa nchi hii wanamtumikia. Amekulipa shilingi ngapi?"

"Weka mikono mbele."

"Nauliza, shilingi ngapi? Sote hapa tunajua! Baba alikuwa mgonjwa, hakuwa na akili zake, aliuza kwa..."

Akakatiza. Lakini neno lilikwisha kutoka, na vibarua walilisikia.

"Aliuza kwa nani?" Projest aliuliza.

Polikarpi alijitupa mbele. Konstebo walimdaka, wakaanguka naye juu ya kahawa iliyochumwa, punje nyekundu zikatawanyika chini ya migomba. Ilichukua muda kumfunga pingu, na muda wote huo alitukana kwa Kinyambo na Kiswahili, akiwataja mama zao wote watatu.

Walipokuwa wakimpandisha garini, mwanamke mzee alitoka kwenye nyumba ndogo ya nyasi iliyokuwa mwisho wa kibanja. Alikuwa Xaveria, mjane wa Gosbert, mama wa kambo wa Polikarpi. Alisimama mpaka mlango wa gari ulipofungwa.

"Sasa naweza kusema," alisema. "Gosbert aliuza nyumba kwa Theoneste ili apate fedha za matibabu, maana huyu mwanawe hakuleta hata kidonge. Fedha zilihesabiwa kwenye meza yangu. Walioshuhudia walikunywa rubisi yangu ya ndizi. Gosbert aliandika kwa mkono wake, akavaa na miwani."

"Mama, kwa nini hukusema mapema? Mtu amekaa ndani siku tisa!"

Xaveria alimtazama bila kupepesa.

"Ulikuja hapa mara mbili. Mara zote mbili niliwaletea kiti, wewe na Polikarpi. Uliniambia niwaache muongee." Akakunja khanga yake begani. "Hukuniuliza."

Saa kumi na moja jioni Theoneste alitolewa mahabusu. Aliletwa mezani kwa Projest akiwa ameshikilia suruali kwa mkono, kwa kuwa mkanda ulikuwa bado kwenye bahasha ya vitu vyake. Alikuwa amekonda. Mikono yake, iliyokuwa na ngozi ngumu ya saruji, ilikuwa imeanza kulainika.

Projest alimweleza yote kwa mfululizo: stempu, limau, taipureta, dole. Alimweleza kwamba Jumatatu aende kwa Bi Placida na karatasi yake, alipe ushuru na faini, na baada ya hapo hakuna mahakama itakayoikataa.

Theoneste alisikiliza hadi mwisho.

"Kumbe ilikuwa kwenda ofisi ile tu," alisema. "Mtu angeniambia, ningekwenda."

"Wengi hawajui. Hata mimi sikujua."

"Wewe hukujua ukalala nyumbani kwako. Mimi sikujua nikalala hapa." Alivuta kiti akaketi bila kuambiwa. "Siondoki bila karatasi. Nimejifunza. Andika kwa nini nilifungwa, uweke sahihi na muhuri. Mke wangu amelala nje, watu wa Ihanda wamemwita mke wa mwizi. Nitawasomea."

"Hilo si utaratibu."

"Kunitupia vyombo nje ulikuwa utaratibu?"

Konstebo aliyesimama mlangoni alitazama dari. Kutoka chumba cha ndani Inspekta Gaspari alikohoa, kikohozi cha kuonya. Askari anayeandika kosa lake mwenyewe na kulipiga muhuri amejichongea jeneza, na kila mtu kituoni hapo alilijua hilo.

Projest alivuta karatasi. Aliandika mistari sita. Mimi, Sajini Projest, nilimkamata Theoneste Hategekimana kwa kosa la kughushi mkataba. Uchunguzi umeonesha kwamba mkataba wake ni wa kweli. Nilikosea. Akaweka sahihi na tarehe, akaisukuma mezani.

Theoneste aliisoma kwa kidole, neno baada ya neno, midomo ikicheza, kwa maana Kiswahili cha kusoma alijifundisha ukubwani. Alipofika mstari wa mwisho kidole kilisimama.

"Hapa umeandika uongo."

"Uongo gani?"

"'Nilikosea.' Fundi hukosea akipima, akakosa inchi. Wewe hukupima. Siku ile uliniona mimi, ukamwona Polikarpi. Karatasi zetu uliziangalia baadaye." Aliirudisha karatasi, akaigeuza ielekee upande wa Projest. "Kata hilo neno. Andika: 'Nilimtazama, nikaamua.'"

Katika chumba cha ndani kiti kilisogezwa kwa kelele. Inspekta Gaspari alikuwa anakuja.

Projest alilikata neno *nilikosea* kwa mstari mmoja mnyoofu. Juu yake akaandika maneno mawili aliyoambiwa, akapiga muhuri, na Theoneste alikuwa amekwisha kuikunja na kuitia mfukoni mlango wa ndani ulipofunguliwa.